Breki Iliyofuka Moshi: Hotuba kwa Waendesha Baiskeli Wapya wa Milimani na Mafundi Wao

Ndugu zangu mafundi, wazee wetu, na ninyi vijana mlioegemeza baiskeli ukutani hapo nje, asanteni kwa kufika.

Hii iliyo mezani ni habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Ni ya chuma, nzito kuliko inavyoonekana, na breki yake imo tumboni: ukikanyaga pedali mbele inakwenda, ukikanyaga kinyumenyume inashika. Mmewahi kuiona kwenye baiskeli za watoto na kwenye mitumba ya Ulaya. Tutaifungua baadaye. Nimeiweka mbele yenu kwa sababu kila anayeuliza baiskeli ya mlima ilianzaje hutajiwa jina la kampuni, na kampuni zenyewe hazikatai sifa. Lakini kampuni zilifika chakula kikiwa kimeshaiva. Walioinjika chungu walikuwa vijana wenye baiskeli za kutupwa, na kilichoungua kwanza kilikuwa grisi ndani ya habu kama hii.

Mahali penyewe ni wilaya ya Marin, jimbo la California, ng'ambo ya daraja la Golden Gate ukitokea San Francisco. Mlima wao, Tamalpais, haufiki hata mita 800. Mtu wa Lushoto analala juu kuliko kilele hicho. Ila umezungukwa na njia za vumbi zilizochongwa ili magari ya zimamoto yapite msitu ukiwaka, na njia hizo zina mteremko mkali, changarawe, mifereji ya maji na kona zisizosamehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa huko walianza kuziteremka kwa baiskeli. Baadhi yao, kama Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, walikuwa wa klabu ya mbio za lami, Velo Club Tamalpais. Siku za mashindano walipanda baiskeli nyembamba za mbio. Siku za mapumziko walipanda machuma.

Nayo machuma hayo hayakuchaguliwa ovyo. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilileta sokoni Marekani tairi nene ya puto, inchi 26 kwa 2.125, yaani upana wa milimita 54 hivi, inayobeba upepo mdogo. Ilikusudiwa watoto: wapande ukingo wa barabara, wasambaze magazeti, wasipasue rimu. Fremu zilizofuata zilijengwa nzito ili zimvumilie mtoto asiye na huruma. Miaka 40 baadaye watoto wale walikuwa watu wazima na baiskeli zimeachwa kwenye mabanda na madukani kwa mafundi, bei yake dola chache tu. Iliyosakwa kuliko zote ni Schwinn Excelsior ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Sababu ni namna uma wake wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulivyolala: umeinama nyuma kiasi cha nyuzi 67 au 68 kutoka ardhini, wakati baiskeli ya mbio husimama kwenye nyuzi 73 hivi. Uma uliolala hupeleka gurudumu mbele zaidi ya mwili wako, kwa hiyo baiskeli haitaki kukupindua kwenye mteremko. Hakuna aliyelipiga hesabu jambo hilo kwa ajili ya mlima. Lilikuwepo tu, likasubiri mlima.

Matayarisho yalikuwa kuvua. Toa madigadi, toa kava la cheni, toa kikapu, stendi, taa na lile tangi la bati la urembo. Weka usukani mpana. Kinachobaki bado kina uzito wa kilo 20 na zaidi, kina giya moja, na breki moja tu: hii hapa mezani. Kupanda ilikuwa kusukuma kwa mkono, au kuomba nafasi nyuma ya pikapu.

Sasa tufike kwenye mteremko wenyewe. Upo karibu na mji mdogo wa Fairfax, kwenye njia ya Cascade Canyon, na unashuka takriban mita 400 kwa umbali unaozidi kidogo kilomita 3. Vijana waliuita Repack, maana yake kupakia upya. Na mafundi, hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jina hilo ni ripoti ya karakana kwa neno moja.

Chukua mpanda baiskeli na baiskeli yake, jumla kilo 100. Wateremshe mita 400. Uzito huo ukishuka umbali huo unaachia nguvu ya kilojuli 390 hivi, na nguvu haipotei, lazima iende mahali. Kwa anayekwenda kasi, karibu nusu huliwa na upepo na tairi. Nusu nyingine inaingia kwenye breki na kuwa joto. Kama joto hilo lote lingebaki ndani ya habu ya chuma ya kilo moja, habu ingepanda kwa nyuzi karibu 400. Haifiki huko kwa sababu hewa inaipoza njiani, lakini kiwango cha grisi inakipita bila taabu. Grisi ya kalisi, ile ya bei rahisi ya kopo, huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 100. Ya lithiamu ya kawaida hukaribia 190. Zaidi ya hapo inakuwa mafuta mepesi, inachuruzika, inafuka moshi. Walioteremka Repack walifika chini habu ikitoa moshi nyuma yao, na baada ya safari moja au mbili vyuma ndani vilikuwa vikavu, vikisagana. Ilibidi kufungua, kusafisha na kupakia grisi upya. Ndipo jina likabaki.

Kuna jambo linalowashangaza wanafunzi hapa. Mwoga huunguza breki kuliko jasiri. Anayeshuka polepole, mguu umekandamiza nyuma toka juu mpaka chini, hapati msaada wa upepo, kwa hiyo karibu mzigo wote unaiangukia breki. Anayeachia kwenye sehemu iliyonyooka na kushika kwa nguvu kabla ya kona humwachia upepo sehemu ya kazi, na habu inapata nafasi ya kupumua. Hesabu hiyo haijabadilika, hata kwa breki za diski za leo.

Mbio za kwanza za Repack zilifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Charlie Kelly ndiye alikuwa mwandaaji. Walioanza waliachiwa mmoja mmoja, dakika 2 kati ya mtu na mtu, saa moja ikiwa juu na nyingine chini, zimelinganishwa, na matokeo yakaandikwa daftarini. Siku hiyo Alan Bonds alishinda, na alikuwa ndiye pekee ambaye hakuanguka. Mbio ziliendelea mara kwa mara mpaka 1979, kisha zikarudiwa kidogo 1983 na 1984. Rekodi ni ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22. Joe Breeze yuko sekunde 2 nyuma yake. Huo ni wastani wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa kwenye changarawe. Wende Cragg, mwanamke aliyekuwa nao toka mapema, aliteremka njia ileile na ndiye aliyepiga picha nyingi tunazozitegemea leo kujua vyombo vyao vilikuwaje.

Saa na daftari ndivyo ninavyovitilia mkazo kuliko kitu kingine. Kupeleka baiskeli porini hakukuanzia Marin, na mtu asiwadanganye. Mwaka 1897 askari weusi 20 wa Kikosi cha 25 cha Jeshi la Marekani, wakiongozwa na Luteni James Moss, waliendesha kutoka Missoula mpaka St. Louis, zaidi ya kilomita 3,000, wakipita milima, matope na mchanga. Kati ya 1951 na 1956 vijana wa viunga vya Paris walikuwa na klabu yao, Velo Cross Club Parisien, wakirukaruka na baiskeli walizozibadilisha wenyewe. Uingereza kuna chama cha wapanda njia mbovu tangu 1955. California yenyewe, John Finley Scott alijitengenezea baiskeli ya msituni mwaka 1953. Wote hao walitangulia, na juhudi zao hazikuzaa kiwanda wala mchezo wa dunia.

Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba Marin walirudia kilima kilekile, wakiwa na saa. Ukisafiri kilomita 3,000 kikavunjika kitu, unalaumu safari. Ukishuka kilima kimoja mara 20 na kila mara kinavunjika kitu kilekile, unajua mbaya wako ni nani. Na aliyekushinda kwa sekunde 2 anakuonyesha kipuri chake kipi kina faida. Kila kipuri kilicho kwenye baiskeli zenu hapo nje kilizaliwa kwa kushindwa kwa kilichotangulia.

Anza na giya. Tarehe 1 Desemba 1974 kulikuwa na mbio za matopeni katika wilaya hiyohiyo ya Marin, na wakatokea vijana wa Cupertino, kusini mwa ghuba, waliojiita Morrow Dirt Club. Morrow ni jina la habu ya breki ya miguu, ndugu wa hii yetu. Baiskeli zao nene zilikuwa na giya za kubadilisha kwa kidole gumba na breki za ngoma. Wenyeji waliona, wakarudi nyumbani wakiwaza. Gary Fisher akajenga yake: giya, breki za ngoma mbele na nyuma, mikono ya breki ya pikipiki. Ilizidi uzito, lakini sasa mtu aliweza kupanda kilima badala ya kukisukumia baiskeli. Hapo mchezo ukawaacha wenye pikapu na kuwafungulia mlango wenye mapafu.

Breki ya mbele nayo ilikuwa ukombozi. Kwenye mteremko mwili unaelemea mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, halina pa kushikia. Breki ya nyuma peke yake kazi yake kubwa inakuwa kuteleza. Ukitazama picha za Repack utaona kona zote zinachukuliwa kwa kuburuza gurudumu la nyuma. Wengi hudhani ni madoido. La, ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo.

Kisha fremu. Chuma cha zamani kilipinda na kupasuka, na Excelsior nzuri zikaanza kuadimika. Joe Breeze, aliyejua kuunda fremu za mbio, alimaliza mwaka 1977 baiskeli ya kwanza iliyojengwa upya yote kwa ajili ya mlima: mabomba ya chuma chenye kromu na molibdeni, vipuri vipya vyote, breki za mikono miwili zinazobana rimu pande zote, uzito kilo 17 hivi. Pembe za Excelsior hakuziacha. Alitengeneza 10 tu katika mkupuo huo, za mwisho zikikamilika 1978. Ile ya kwanza imehifadhiwa leo kwenye makumbusho ya taifa ya Smithsonian mjini Washington.

Mwaka 1979 Fisher na Kelly walianza kuuza baiskeli kamili zenye fremu za Tom Ritchey, fundi kijana mwenye mkono mwepesi wa kuchomelea kwa shaba, kwa bei ya zaidi ya dola 1,000. Kampuni yao waliiita MountainBikes, na jina hilo likawaponyoka likawa la kila mtu. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta baiskeli ya Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi, bei yake dola 750. Mlango wa umma ulifunguka hapo. Mwaka uliofuata Shimano ikatoa Deore XT, seti ya vipuri iliyokusudiwa mlima. Mengine nayapitia mbio: uma wa kwanza wa kupunguza mishtuko wa kampuni ya RockShox mwaka 1989, ukicheza chini ya sentimita 5, ubingwa wa dunia wa kwanza Durango, Colorado, 1990, Olimpiki ya Atlanta 1996.

Hata zile siti zinazoshuka kwa kubonyeza kitufe, ambazo vijana mnazionea wivu, msidhani ni za jana. Breeze na mwenzake Josh Angell waliuza mwaka 1984 springi ndogo inayofungwa kwenye bomba la siti: unalegeza mkono, unakalia siti ishuke, na springi inairudisha juu ukiinuka. Na zile pembe za Excelsior? Miaka ya 1980 wabunifu walisimamisha uma mpaka nyuzi 71, kwa kufuata baiskeli za mbio. Leo baiskeli za mlima zimerudi 67, 65, na chini ya hapo. Mzunguko wa miaka 40 kurudi kwenye baiskeli ya mtoto wa kusambaza magazeti!

Kuna tawi jingine lazima nilitaje, la Colorado. Mji wa Crested Butte mitaa yake ilikuwa ya vumbi na mashimo, na wenyeji walikwenda kazini kwa machuma yaleyale. Septemba 1976, kama kuwajibu waendesha pikipiki waliotoka Aspen na kujitapa, kundi lao lilivuka na baiskeli kwenda Aspen kwa kupitia Pearl Pass, mita 3,872 juu ya bahari. Sehemu kubwa ya kupanda walisukuma. Mwaka 1978 watu wa Marin wakaenda kuvuka nao, wakiwa na giya na breki mpya, na pande mbili zikakutana.

Na kwetu? Jamani, tusijifanye wageni wa jambo hili. Goma wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachoteremsha magunia ya viazi na makaa kutoka vilima vya juu ya mji. Breki yake ni kipande cha mpira wa tairi kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Breki moja, ya nyuma, ya mguu. Mwendesha chukudu angefika Repack asingehitaji mkalimani. Na Tom Ritchey yuleyule alifika Rwanda mwaka 2005, akaona baiskeli za mbao na wakulima wanaosukuma kahawa milimani, akabuni baiskeli ndefu ya mizigo kwa ajili yao, kwa sababu tunda la kahawa likichelewa kufika mtamboni ubora unashuka. Mwaka 2006 ikafanyika kule sherehe ya mbio, na za mbao zikiwemo.

Sasa kwa anayetaka kuanza hapa petu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Msinunue ile baiskeli mpya ya bei rahisi yenye springi mbele na nyuma. Springi ya nyuma ya bei hiyo haina kinachoipunguzia kasi ya kurudi, inakurusha. Viungo vyake vina bushi za plastiki, zinaisha ndani ya msimu mmoja, na fremu inaanza kuyumba kama kitanda cha kamba. Kwa fedha hiyohiyo tafuta mtumba wa inchi 26, fremu ya chuma au alumini, uma usio na springi kabisa, breki za kubana rimu zenye mikono mirefu. Ukiushika, kagua kwa mpangilio huu. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, pale linapokutana na kichwa cha fremu: rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba uliokata bomba ni ufa, iache. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ukisikia kugonga, gololi za usukani zimelegea au zimekufa. Pima cheni kwa rula: kutoka katikati ya pini mpaka pini ya 24 inayofuata, cheni mpya ni milimita 304.8. Ikizidi 306.5 badilisha cheni. Ikifika 308, cheni imeshakula meno ya giya, na cheni mpya peke yake itaruka.

Baiskeli ya Phoenix ya mizigo inaweza kukufundisha njia za vumbi za tambarare, wala si dharau. Lakini breki zake za fito hubana rimu ya chuma kwa ndani, na rimu ya chuma ikilowa haishiki mpaka imekauka. Kwenye mteremko wa mvua hiyo si baiskeli, ni sleji.

Upepo ndio kosa la kila mtu. Fundi wa barabarani anajaza mpaka tairi ilie ukiigonga, kwa sababu amezoea magunia. Kwa mtu wa kilo 70, tairi ya inchi 2.1 yenye tyubu, jaza paundi 28 mpaka 32 mbele na 30 mpaka 35 nyuma. Ukizidisha, tairi inadunda juu ya mawe badala ya kuyakumbatia. Ukipunguza mno, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu, na unapata matundu mawili sambamba. Ukiyaona hayo mawili, usitafute mwiba. Ziba yote mawili na uongeze paundi 3.

Kisha fanyeni kama Repack, ila kwa kiasi. Chagueni mteremko mmoja wa mita 300 hadi 500, unaoonekana wote kutoka juu, wenye sehemu tambarare mwishoni. Utembeeni kwa miguu kwanza. Shusheni siti sentimita 5 au zaidi. Pedali zilale sawa, visigino chini, viwiko nje, makalio juu ya siti bila kuigusa, macho mita 10 mbele, mbali na gurudumu. Breki zishikwe mkiwa mmenyooka, kabla ya kona, na ziachiwe ndani ya kona. Wanaoanguka wiki ya kwanza wengi wao walikamata breki ya mbele usukani ukiwa umepinda. Mkishuka mara 10, simameni, mguse nati zote. Kilicholegea ndicho kitakacholegea tena, kiandikeni.

Njia si ya kwenu peke yenu. Marin wenyewe walijifunza kwa uchungu: wapanda farasi na watembeaji walilalamika, njia nyembamba zikafungwa kwa baiskeli miaka ya 1980, na kwenye njia za zimamoto kukawekwa mwendo usiozidi kilomita 24 kwa saa, na 8 kwenye kona na unapompita mtu, askari wa hifadhi wakisimama na kifaa cha kupima kasi. Hapa kwetu kona haifichi mtembeaji tu, inaficha mama mwenye kuni kichwani na ng'ombe wawili. Kengele ifungwe. Kule msitu wa Karura, Nairobi, na Hell's Gate karibu na Naivasha baiskeli zinaruhusiwa rasmi. Lipeni kiingilio, fuateni njia zilizowekwa. Na kuburuza gurudumu la nyuma kwa madaha kunachimba mfereji, mvua ya masika inaumalizia.

Haya, turudi mezani. Mafundi, kazi ni hii. Gurudumu likishatoka, bana mkono wa breki kwenye jiriwa, upande wa cheni uangalie juu. Fungua nati ya kufungia na koni ya juu. Zungusha kigurudumu cha meno cha cheni kinyume cha saa kitoke chenyewe kwenye skrubu yake. Kina seti ndogo ya gololi ndani. Inua ganda la habu. Chini yake zimo viatu vya breki na seti mbili kubwa za gololi, moja kila upande. Andika zilivyokaa kabla hujagusa, maana kisahani cha gololi kikigeuzwa kitasaga. Osha vyote kwa mafuta ya taa, kausha kabisa. Viatu vikiwa vinang'aa kama kioo, vikwaruze kidogo kwa msasa. Rangi ya bluu kwenye chuma maana yake joto lilipita kiasi: angalia kama kiatu kimepinda.

Grisi iwe ya kuhimili joto kali, ile ya beringi za magurudumu ya gari. Jaza gololi, kisha paka ndani ya ganda na juu ya viatu. Najua mkono wa fundi unakataa kupaka breki grisi. Hii ni chuma kwa chuma. Bila grisi inakwama ghafla na kumrusha mtu, au inajisaga mpaka kuisha. Ukifunga, kaza koni mpaka gurudumu lizunguke bure na ncha ya rimu icheze kidogo mno, ndipo ukaze nati ya kufungia. Cheni icheze sentimita 1 juu na chini, isizidi, kwa sababu cheni ikitoka breki imekwenda nayo.

Na mkono wa breki lazima ufungwe kwenye bomba la fremu kwa klipu na boliti yake. Wengi huusahau, au huufunga kwa waya. Ukiachia, ekseli yote inazunguka, nati zinajifungua, na breki haipo tena. Ndilo la kwanza nitakaloangalia kwenye baiskeli yoyote ya aina hii iliyoko nje. Aliye na spana ya 15 asogee hapa mbele, na mtu mmoja ashike karai la mafuta ya taa.